Fundi Aliyengoja Msumeno Usimame

Nusura awe shemeji yangu, kwa hiyo nitamsema kama mtu wa nyumbani, bila kumpamba. Alikuwa fundi wa msumeno wa duara pale Kishanda, wakati wa Mwingereza, tajiri mmoja wa mjini alipoleta mashine ya kupasulia mbao akaiweka kwenye banda la bati chini ya barabara. Kila mtu alimwita Fundi, na mimi sina jina jingine la kumpa. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, waulizeni wanaopenda kuchambua koo za watu. Mimi nilimjua kwa mikono yake, kwa mdomo wake, na kwa jinsi alivyomkosa dada yangu.

Alimkosa kwa sababu ya salamu. Nalisema mapema ili mtu asisome akitafuta wizi au ulevi. Hakuiba, hakulewa, hakuinua mkono kwa mtu. Hakuitikia salamu ya baba yetu, basi. Wageni wakisikia hivyo wanacheka. Sisi wa huku hatucheki.

Kwetu huwezi kumpita mtu kwenye kibanja chake cha migomba ukanyamaza kama mbuzi. Unamsalimia, anakuitikia, mnaulizana mlivyoamka, mnaulizana wa nyumbani, na kama ni mkubwa wako unainama. Kama ni mkwe wako, unaacha chochote ulichoshika. Nimewaona wanawake wakitua mzigo wa kuni katikati ya mlima, wamsalimie mkwe, kisha wahangaike kujitwika upya. Ndivyo tulivyolelewa. Sasa huyu Fundi, akiwa kwenye msumeno, hakumwitikia mtu yeyote. Apite padri, apite shehe, apite bibi kizee anayejikokota na fimbo, yeye hakuinua hata nyusi. Macho yalikuwa pale mbao inapokutana na meno.

Wanawake wa kwetu walikuwa wakisema, "Yule ana kiburi cha mjini." Wengine walisema amelogwa na ile mashine. Mimi nilikuwa msichana, na nilikuwa naenda bandani na dada kupeleka uji wa asubuhi na chakula cha mchana, ndizi na maharage kwenye kapu, kwa sababu mama alikuwa amepatana na tajiri kuwalisha wafanyakazi. Kwa hiyo niliona wasichokiona waliokuwa wakipita barabarani.

Niliona kwamba asubuhi hakuanza na injini. Alianza na mkanda. Ule mkanda mpana wa ngozi uliotoka kwenye injini kwenda kuzungusha msumeno, aliuvua wote akautundika kwenye nguzo, mahali anapouona. Mpaka mkanda uwe kwenye nguzo, hakugusa jino hata moja.

"Kwani injini itaamka yenyewe?" mpokeaji mbao alimwuliza siku moja. Huyu alikuwa mtu mnene aliyetoka Kimwani, mcheshi, kazi yake kusimama nyuma ya msumeno akipokea mbao zinazotoka.

"Injini haiamki," Fundi akamjibu. "Wanaoamka ni watu, na ujinga wao."

Kisha alitwaa brashi akaondoa unga wa mbao na utomvu uliokauka, hasa kwenye vile visahani viwili vya chuma vinavyoubana msumeno katikati. Alisema uchafu mdogo kama punje ya ulezi ukikaa pale, msumeno utakaa upande, na ukikaa upande utayumba. Siku ya kubadilisha msumeno aliutoa, duara kubwa kama sinia la harusi, akapitisha kijiti kwenye tundu lake, ukaning'inia. Akaugonga polepole na kipande cha mti. Ukilia vizuri, aliurudisha. Ukitoa sauti ya chungu kilichopasuka, aliuweka kando hata kama macho hayaoni ufa wowote, na tajiri apige kelele atakavyo.

Kuurudisha nako kulikuwa na utaratibu wake. Aliyatazama meno kwanza. Yalitakiwa yamwelekee yeye anayesukuma, yashuke juu ya mbao yakiikandamiza mezani, si kuipandisha. Mnaweza kusema hilo hata mtoto analijua. Basi mpokeaji yule wa Kimwani aliwahi kuufunga kinyumenyume, Fundi akiwa ameshikwa na homa, na kama si Fundi kuja amejifunika blanketi kutazama tu, sijui ingekuwaje. Alimwangalia mpokeaji muda mrefu. Hakumtukana. Akamwambia, "Kaa hapa ninapokaa mimi kila siku. Haya, nionyeshe ubao utakurukia wapi." Yule mnene akaonyesha kifua chake mwenyewe. Siku hiyo hakutania tena.

Nati aliikaza kwa spana, kwa mkono mmoja, bila kuning'inia juu yake kama wanavyofanya vijana wenye nguvu nyingi. Halafu aliuzungusha msumeno kwa mkono, taratibu, amechuchumaa ubavuni na jicho moja amelifumba, kutazama kama unakwenda sawa. Nyuma ya msumeno kulikuwa na kipande cha chuma chembamba kilichosimama wima, yeye alikiita ulimi. Kazi yake ni kuingia kwenye ule mpasuko ili mbao isijifunge ikaubana msumeno. Ulimi aliusogeza mpaka ukawa karibu na meno lakini usiyaguse. Halafu ile reli ya pembeni ambayo mbao huegemea ikisukumwa: aliipima mbele kwa kijiti, akaipima nyuma kwa kijiti kile kile. Nyuma ikiwa nyembamba kuliko mbele hata kidogo, aliilegeza akaanza upya. "Mbao ikibanwa nyuma," alisema, "inarudi kwa aliyeileta."

Mwisho alipandisha au kushusha meza kwa skrubu kubwa iliyokuwa chini, mpaka meno yachungulie kidogo tu juu ya unene wa mbao ya siku hiyo. Mpokeaji alipenda yatokeze sana, kazi iende. Fundi alimwuliza kama anapasua mbao au anapasua hewa. Baada ya hapo akashusha kofia ya bati juu ya msumeno, akafagia meza isibaki hata kipande, akatutazama sisi wote tuliokuwa bandani mmoja mmoja, ndipo akaurudisha mkanda. Injini ilipowaka aliuacha msumeno uzunguke mtupu, naye amesimama pembeni, akisikiliza. Pembeni, siyo nyuma yake. Hakuwahi kusimama mstari mmoja na msumeno unaozunguka, hata akiokota kofia yake.

Dada yangu alikuwa anayapenda haya. Mimi yalinichosha, nataka niseme ukweli. Chakula kilikuwa kinapoa. Yeye alikaa juu ya gogo na kapu mapajani, ametulia kama yuko ibadani, na mara moja nilimsikia akisema peke yake, "Mtu anayekijali chuma hivyo, mke atamjali vipi?" Nikamwambia chuma hakiombi kanga. Akanifinya.

Sisemi alikuwa malaika. Mtu huyo aliyepima reli mbele na nyuma alikuwa na nyumba ambayo mlango wake haukufungwa. Ulikuwa umepinda, aliuegemeza jiwe. Meza yake ya kulia chakula ilicheza hata mchuzi ukamwagika. Nilimwuliza kwa nini asirekebishe, akasema, "Mlango haujawahi kumkata mtu." Alikuwa mbishi. Alikuwa mkali kwa mavazi mpaka kero: mtu mwenye mikono mipana ya kanzu, mwenye shanga, mwenye shuka begani, alifukuzwa bandani kama kuku. Mwanamke mmoja aliyekuja kuzoa unga wa mbao wa kutandika kwenye banda la kuku wake alifukuzwa kwa sababu ncha ya kanga yake ilikuwa inapepea. Alilia njia nzima. Lakini Ijumaa mtu huyo huyo alivaa kanzu nyeupe pana yenye kufagia majani, akapita akijitazama kwenye madimbwi.

Na alikuwa mwoga wa ng'ombe. Mtu anayeikabili mashine ile, ng'ombe mwenye ndama akipita njiani yeye anapanda kwenye mgomba! Tulimcheka, naye alijicheka. "Ng'ombe hana mkanda wa kuvua," alisema.

Lililonigusa mimi kwake ni jingine. Jioni, injini ikishazimwa na mkanda ukishatundikwa, alioga, akabadili nguo, akaenda kuzirudisha zile salamu. Kila aliyemsalimia mchana bila kuitikiwa, alimfuata kwake. Alikumbuka wote, sijui kwa namna gani, maana tulidhani hasikii. Anafika uani, anabisha hodi, anainama. "Mama, mchana ulinisalimia. Nimekuja kukuitikia." Kisha anauliza ya nyumbani, ya mashambani, ya mgonjwa, ya ndama, kwa urefu wake wote, mpaka mwenye nyumba anachoka yeye. Wazee wengine walimzoea, wakawa wanamsalimia mchana makusudi ili jioni aje wapige soga na kutafuna punje za kahawa pamoja. Kama watu wote wangekuwa hivyo, mambo yangeishia pale. Lakini baba yetu hakuwa mtu wa kurudishiwa kitu jioni.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, alikuwa mtu mzuri mwenye shingo ngumu. Fundi alipoleta mshenga kumposa dada, Tata hakukataa. Alisema tu, "Nitamtazama." Mama akamwambia mtu hutazamwa nyumbani anapokuja na wazee wake. Tata akasema mtu aliyejiandaa haonekani, anaonekana akiwa kazini. Hapo alikuwa na akili. Sijui kama kuna siku alikuwa na akili zaidi ya hiyo, na ikatuponza namna hiyo.

Akaenda siku ya mvule. Nasema siku ya mvule kwa sababu mti ule una tabia mbaya: ndani yake kuna mawe. Mti unakua na jiwe moyoni kama mtu, huoni kitu kwa nje, na jino la msumeno likiligonga linaweza kuvunjika likaruka. Siku za mvule Fundi alipapasa gogo lote kwa viganja kabla ya kulipandisha mezani, na akisukuma alisukuma polepole, akisikiliza. Watu wote waliambiwa wakae mbali. Mimi na dada tulikuwa tumekaa pembeni kabisa na kapu letu.

Tata alikuja na fimbo yake na koti lake jeusi, ameongozana na baba mdogo. Alisimama mlangoni mwa banda, upande ambao Fundi angemwona. Ubao ulikuwa umefika katikati.

"Habari za kazi, bwana Fundi!" Tata alisema kwa sauti.

Fundi hakuinua macho.

Watu wa barabarani walisimama. Mpokeaji kule nyuma alimwona Tata, akamkonyeza Fundi, akapanua macho, akanyoosha mdomo kuonyesha mlangoni, maana mikono ilikuwa inapokea mbao. Fundi hakuinua macho. Dada alinishika mkono.

"Nasema habari za kazi!" Tata akarudia, na sasa sauti ilikuwa ya mtu anayejua anatazamwa.

Baba mdogo akacheka kicheko kile kibaya. "Kaka, labda anangoja umpigie magoti."

Fundi alisukuma. Ncha ilipofika karibu na meno, akatwaa kijiti chake cha kusukumia, akaumaliza ubao, mpokeaji akaupokea. Akavuta kipini cha kuuhamisha mkanda, msumeno ukaachwa na injini. Sasa, msumeno mkubwa haufi ukiuzima. Unaendelea kuzunguka kwa nguvu zake, unalia, unalia, sauti inashuka kidogo kidogo. Wengine huukandamiza na kipande cha mti ubavuni usimame haraka. Fundi hakuwahi kufanya hivyo, alisema ni kumtia mtu kabali akiwa anatembea. Na hakuwahi kuuacha msumeno unaozunguka akaenda mahali. Alisimama pale, mkono kwenye meza, akauangalia mpaka ukanyamaza.

Dada alikuwa akinong'ona, "Simama, simama, simama," nami sikujua anauambia msumeno au anamwambia Tata.

Ulipogota, Fundi akafuta mikono akageuka mlangoni, ameshaanza kuinama. Hapakuwa na mtu. Koti jeusi lilikuwa limeshavuka barabara, linaingia kwenye migomba, na baba mdogo nyuma yake akigeuka geuka kutazama nani ameona. Fundi akatoka mbio. Hakumfikia. Au alimfikia, Tata hakugeuka. Mimi niliona kwa mbali Fundi amesimama katikati ya njia na kitambaa mkononi.

Nimewaza sana juu ya ule muda wa msumeno kusimama. Ulikuwa mfupi. Mtu anamaliza kumenya ndizi chache tu. Angeuacha peke yake ukizunguka, kama wanavyofanya mafundi wengi hata leo, angemkuta Tata mlangoni.

Jioni alikuja kwetu, ameoga, amevaa kanzu. Tata alikuwa sebuleni akitafuna kahawa yake. Tulisikia hodi. Tata akanitazama mimi, akasema bila haraka, "Nenda umwambie mwenye nyumba yuko kazini."

Nilikwenda nikamwambia. Nilikuwa mtoto wa nyumba ile, nimetumwa.

Fundi aliyapokea maneno yale kama anavyopokelewa mgonjwa, kwa mikono miwili. "Basi nitamngoja amalize," alisema. Akachuchumaa uani karibu na mgomba. Mama alimpelekea kigoda, hakukikalia. Giza lilipoanza kuingia akanyanyuka, akaishukuru nyumba, akaondoka.

Yangeweza kutengenezwa. Hapo ndipo huwa nakasirika, hata sasa. Mshenga alirudi, wazee wakakaa, na Tata baada ya maneno mengi alitaka jambo moja tu: Fundi aje mbele ya wale wale waliokuwa barabarani, aseme alikosea. Basi. Hakutaka ng'ombe wa ziada, hakutaka pombe. Fundi akajibu kupitia mshenga kwamba ataomba radhi kwa kumuumiza mzee moyo, atapiga magoti kama ni lazima. Lakini kusema alikosea kutoitikia, hapana.

Mshenga alishika kichwa. "Bwana, ni neno moja. Kwani utapungua?"

"Sitapungua mimi," Fundi alisema. "Atapungua mwingine."

Hakueleza. Dada alimvizia njia ya mtoni, nami nikiwa naye, maana hakuruhusiwa kwenda peke yake.

"Sema tu," dada alimwambia. "Sema, na ukimaliza kusema uendelee na sheria yako. Nani atakufuatilia?"

"Nikisema nilikosea, kesho mzee mwingine atasimama pale mlangoni amsalimie anayesukuma, na anayesukuma ataitikia, kwa sababu Fundi alisema kutoitikia ni kosa."

"Na mimi?"

Alipangusa paji la uso. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi.

"Nauliza na mimi je? Mimi ni wa kuwekwa kando kama msumeno wenye ufa?"

"Wewe huna ufa," alisema, na akatazama chini. "Mimi ndiye ninao."

Tulidhani anasema kwa unyenyekevu. Dada alichukua mtungi wake akapanda mlima bila kugeuka, na alikuwa analia. Mwaka haukupita akaolewa Rubafu, mbali na kwetu, na mtu mpole aliyependa kulala. Alimzalia watoto. Sitasema aliteseka, hakuteseka. Lakini ile namna yake ya kukaa na kapu mapajani akitazama kitu kwa makini, sikuiona tena.

Fundi alibaki Kishanda kwa muda, kisha tajiri akaihamisha mashine. Kwa muda wote aliokuwa pale hakuna mtu aliyepoteza hata kucha. Hilo hatukulitaja wakati ule. Kidole kilichobaki mahali pake hakuna anayekiona.

Nilikutana naye mara moja tu baadaye, miaka michache kabla ya Uhuru. Mimi nilikuwa mama wa watoto, nimekwenda Bukoba kutafuta mbao za kupaulia nyumba, na nilikuwa nimepanga kupita Rubafu kumwona dada, aliyekuwa amefiwa na mumewe. Pembeni mwa mji, upande wa ziwani, kulikuwa na karakana. Niliingia, nikamwona mzee amekaa kwenye kigoda kando ya msumeno uliokuwa unafanya kazi. Hakuwa anasukuma. Kijana mmoja mzima alikuwa anasukuma, na mzee ameweka kiganja kwenye mguu wa meza.

Sikumsalimia. Nilisimama nikangoja ubao uishe, na msumeno usimame. Aliponiona nimengoja, alinitazama kwa muda, macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kisha akasema, "Wewe ni wa Kishanda."

Ilibidi niseme kwa sauti, maana mashine ilikuwa imemaliza masikio yake. Ndiyo maana aliweka kiganja mezani, alikuwa anausikiliza msumeno kwa mkono. Tulisalimiana kwa urefu, kama zamani za jioni. Akaniuliza habari za Tata. Nikamwambia tulimzika. Akasema pole. Kisha akaniuliza, "Na yule mwingine?" Hakumtaja.

"Yuko Rubafu. Mjane."

Alitikisa kichwa. Mimi si mtu wa kuzunguka, nikamwuliza hapo hapo. "Fundi, kwa nini hukutuambia sababu? Mtu hang'ang'anii hivyo bure. Mlipoteza nyumba nzima, wewe na Tata, kwa neno moja."

Nilidhani hakusikia. Alikuwa anapangusa goti.

"Kabla sijaja kwenu," alisema, "nilikuwa napokea mbao mahali pengine. Aliyekuwa anasukuma alikuwa amemwoa dada yangu. Mimi nilikuwa nimetoka safari, sijamwona siku nyingi, nilikuwa na furaha. Nikafika mlangoni nikamwita, nikamsalimia. Mimi ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Angeninyamaziaje? Aligeuka. Mkono mmoja akauacha kwenye ubao, mwili akauinamisha kwangu, kwa adabu, kama alivyofundishwa na mama yake."

Aliuonyesha mkono wake mwenyewe, akapitisha kidole juu ya kiwiko.

"Alikufa?"

"Hapana. Angekufa angenyamaza. Aliishi, na kila aliponiona alinisalimia vizuri kabisa, kwa huo uliobaki. Hakuwahi kunilaumu. Nikahama."

Nilikaa juu ya gogo lililokuwa karibu.

"Sasa mshenga ananiambia nieleze," alisema. "Nimwambie baba yenu nini? Kwamba nimemtoa mkono shemeji yangu, na sasa naomba mwanaye? Wewe ungempa?"

Hakuningoja nijibu. Alinichagulia mbao mwenyewe, akazipapasa moja moja, akazirudisha zilizojikunja. Tuliagana. Nilipofika barabarani nilisikia injini ikiwaka tena, na sikugeuka, maana nilijua hatakuwa ananitazama.

Rubafu nilimkuta dada jikoni anamenya ndizi. Nikachukua kisu cha pili, nikakaa, nikamweleza yote kama alivyonieleza, sikuongeza wala sikupunguza. Alimenya. Aliniuliza kama Fundi amekonda, nikasema amekonda. Aliniuliza kama ana mtu wa kumpikia, nikasema sikumwona. Alimaliza ndizi zote zilizokuwa kwenye sinia, akazifunika kwa jani, akaosha utomvu mikononi kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Alikuuliza kama ungempa?" akauliza.

"Aliuliza angemwambia Tata nini. Aliuliza kama mimi ningempa."

"Mbona mimi hakuniuliza," dada alisema. "Tulikuwa wote pale mtoni. Angeniambia mimi."